Waliopiga Kuhusu Kiwanja

Mara ya kwanza nilisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa kazini, katika maabara ya shule moja huku Tumbi ambako kazi yangu ni kutunza vifaa na kuandaa majaribio ya wanafunzi, na nilikuwa naosha vile vipande vya kioo vinavyowekwa chini ya darubini. Simu ikalia kwenye mfuko wa koti. Namba siijui. Nikajifuta mikono, nikapokea.

"Habari yako, dada," ilisema sauti ya kike, changamfu kama ya mtu aliyelala vizuri. "Naongea na nani mwenzangu?"

Nikashangaa kidogo, maana aliyepiga ni yeye. Lakini nikajitambulisha. Akafurahi kunifahamu. Akaniambia ananipigia kuhusu kiwanja, tena si kiwanja cha hivihivi bali kilichopimwa, chenye barabara pande mbili, umeme upo, maji yako njiani yanakuja. Akauliza kama nina dakika mbili. Nikampa dakika mbili, akachukua karibu kipindi kizima, na mwisho nikajikuta namshukuru yeye kwa muda wangu.

Kesho yake akapiga mwanaume. Kiwanja. Keshokutwa akapiga mwingine, kiwanja tena, upande wa pili wa Ruvu. Wakachanganyika na watu wa bima, na watu wa kuweka wimbo kwenye mlio wa simu yangu, na sauti moja ya mashine iliyonipongeza kwa kuchaguliwa bila kusema nimechaguliwa kwa lipi. Lakini wa viwanja ndio walionizidi. Walipiga nikiwa sokoni, wakapiga nikiwa kwenye foleni, wakapiga wakati nimeshika chupa ya tindikali mbele ya darasa la wanafunzi, na darasa zima likasikiliza ule mlio mpaka ukakatika wenyewe.

Kilichonikera hakikuwa kelele peke yake. Nilitaka kujua wamenitoa wapi. Mimi si mtu wa biashara. Sina duka, sijawahi kusimama kwenye maonyesho yoyote. Nina nyumba ndogo Kibaha, nina kazi yangu, nina mama yangu Kisarawe. Ni nani aliyekaa mahali fulani akaamua kwamba mimi ni mnunuzi wa ardhi?

Mama naye alikuwa anapigiwa. Hilo nililigundua siku nilipokwenda kumsalimia. Nyumba yake Kisarawe iko mteremkoni, upande wa msitu, na sebuleni kuna simu ya mezani ambayo baba aliiweka alipokuwa bado mtumishi wa idara ya misitu. Baba alikwisha kufariki, lakini simu ilibaki pale pale juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye tundu mbele la kuonea namba. Ndugu wote wanaijua namba hiyo. Mtu akifiwa huko kwetu bara, anapiga hiyo. Mama ana kitochi pia, simu ndogo ya mkononi, ila hicho mara nyingi anakisahau jikoni.

Tulikuwa tunachambua mchicha. Simu ya mezani ikalia, mama akanyanyuka, akafunua kitambaa.

"Haloo," akasema. Kisha, "Nzuri." Kisha kimya, anasikiliza, kichwa kakilaza upande. Kisha, "Hapana, asante. Haya, siku njema na wewe."

Akarudisha mkono wa simu.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mashine."

"Mama, unajibizana na mashine?"

"Najua ni mashine," alisema, akashika tena mchicha. "Imenisalimu. Kinywa kimejibu chenyewe."

Akanieleza kwamba siku hizi wanapiga wengi. Wengine mashine, wengine watu. Watu wenyewe wanauza viwanja. Aliwaona vijana wazuri, wenye adabu, ila wanaongea haraka mno. Mimi nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana nilianza kujiuliza: mimi na mama, namba mbili tofauti, miji miwili tofauti, na wauzaji ni walewale?

Siku hiyo nilimwonyesha namna ninavyowafungia. Nilichukua simu yangu, nikaibonyeza namba ya mwisho iliyonisumbua, nikashuka mpaka mahali pa kuzuia, nikakubali. "Basi," nikamwambia, "huyu hanipati tena." Wanafunzi wangu wanaita kumpiga mtu bloku, na mama alilipenda neno hilo, akalirudia mara mbili tatu.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza.

"Sasa huyo uliyempiga bloku, akipiga, yeye anasikia nini?"

Sikujua. Kazi yangu nzima ni kuwaambia watoto wa watu wasikisie jambo linaloweza kujaribiwa, na hapo nilikuwa nimefungia watu miezi kadhaa bila kujua wanachokisikia upande wao. Nikaifungia namba ya kitochi cha mama. Nikamwambia atoke nje, aende mbali nisimsikie, anipigie.

Mama akavaa kandambili, akaenda mpaka kwenye banda la kuku. Nilimwona dirishani amesimama kati ya majogoo, kitochi sikioni, uso umekunjamana kama anayesikiliza mapigo ya moyo. Simu yangu mkononi ilikaa kimya kabisa. Haikutikisika, haikuwaka. Akarudi.

"Imeita mara moja tu, halafu sauti inasema inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Ulikuwa unaongea na mtu?"

"Naongea na nani, mama? Nimekaa hapa nakutazama."

Akakaa chini. "Kwa hiyo hajui kama amefungiwa."

"Hajui."

"Anajua tu wewe una mazungumzo."

"Ndiyo."

Akatoka tena kujaribu. Nilikuwa nimedhani ameridhika, kumbe alitaka kuhakikisha kwamba jibu halibadiliki mtu akisimama upande mwingine wa nyumba. Nilimheshimu kwa hilo. Kabla sijaondoka nilimfungulia namba yake, nikajaribu mbele yake kama inaita.

Ya mezani ilinishinda. Kile chombo ni cha zamani, hakina sehemu ya kuzuia chochote. Nilikwenda ofisi ya kampuni ya simu kuuliza. Mhudumu, binti mmoja mwenye miwani, alinisikiliza vizuri sana. Kwenye simu ya mkononi alinielekeza namna ya kukataa jumbe za matangazo, nikazikataa palepale mbele yake, na kweli zilipungua. Lakini kuhusu ya mezani akatikisa kichwa.

"Ile labda mbadilishe namba," alisema. "Au mrudishe chombo, mama atumie ya mkononi tu."

Nilimfikishia mama ujumbe. Alinyoosha tu kile kitambaa cha kufuma, akakipigapiga kikalala sawa, nikaelewa kwamba mjadala umekwisha.

Lakini mama hakukaa bure. Tangu ile siku ya banda la kuku alikuwa amepata kazi. Kila aliyepiga kuuza kitu, mama alimwachia amalize salamu, kisha akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, namba yetu mmeipata wapi?" Jioni ananipigia kunipa habari. Wengi, alisema, wakisikia swali hilo wanakata. Kijana mmoja alimjibu kwamba namba zinatoka kwenye mfumo. Mama akamuuliza mfumo ni nani. Yule kijana akasema hata yeye hajui, yeye akifika asubuhi anakuta namba zinamsubiri kwenye kompyuta. Binti mwingine alicheka, akasema, "Mama, unajua wewe ndiye wa kwanza leo kuniuliza kitu? Wengine wote wamenitukana." Mama akampa pole, wakaongea kidogo kuhusu kazi hiyo. Anakaa kwenye chumba chenye watu wengi, kila mmoja na kisikilizio kichwani, na asipopata mtu wa kukubali kwenda kuona viwanja msimamizi anakuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Anasimama tu?" nikauliza.

"Anasimama tu. Hasemi kitu."

Nililala na picha hiyo kichwani. Sikuwa nimefikiria kwamba upande wa pili kuna kiti, na nyuma ya kiti kuna mtu.

Jibu lilipatikana siku ambayo sikuitegemea. Mama alinipigia saa za kazi, jambo ambalo halifanyi.

"Nimejua," alisema. "Ni bango letu."

"Bango gani?"

"La Mbwawa."

Nikakaa kwenye kigoda cha maabara. Mbwawa wazazi wangu walinunua kiwanja zamani, eneo likiwa bado mashamba na vichaka. Baba alipofariki, watu wakatuonya kwamba viwanja vya marehemu vinauzwa na matapeli, unaenda siku moja unakuta msingi wa mtu. Nikatafuta fundi wa kuandika, nikaweka bango la bati kwenye nguzo mbili. Herufi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. TAPELI ATASHITAKIWA. Chini yake, ili yeyote mwenye jambo atufikie, namba yangu ya mkononi na ya mezani ya Kisarawe. Nilijivunia bango lile. Nilisimama nalo nikapiga picha.

"Nani kakuambia?"

"Mmoja wa hawahawa. Ana sauti nzito. Nimemuuliza namba mmeipata wapi, akasema, 'Mama, si mmeiandika wenyewe?' Anasema wana vijana wanazunguka na pikipiki, wanapiga picha mabango yote ya hakiuzwi."

"Sasa bango limesema hakiuzwi. Wanatupigia watuuzie?"

"Nami nimemuuliza hivyohivyo. Anasema mtu mwenye kiwanja kimoja ndiye anayenunua cha pili. Asiye nacho hana hela. Kwa hiyo wenye mabango ndio wanaopigiwa kwanza."

Nilikasirika, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kama kustaajabu. Mtu fulani alikuwa amepita mbele ya tangazo langu la kukataa, akalisoma vizuri kuliko mimi niliyeliandikisha.

Niliahidi kwenda Mbwawa kufuta namba. Shule ilikuwa kwenye mitihani, mimi nina majaribio ya vitendo ya kuandaa, nikaahirisha wiki, kisha nyingine. Badala yake nikawa mwepesi wa kufungia. Sikuhitaji tena kusikia habari nzima. Mtu akishasema tu "nakupigia kuhusu kiwanja," kidole kimefika. Nilipata raha fulani kwenye wepesi ule. Mmoja alikuwa mzee, sauti ya kukwaruza, alianza taratibu sana: "Asalaam aleikum... mie... napiga kuhusu kiwanja..." Nikasema moyoni, siku hizi mpaka wazee wameajiriwa, nikakata, nikamfungia. Mwingine alikuwa kijana mwenye haraka, nyuma yake kuna mngurumo wa lori. "Dada, samahani, kuhusu kiwanja chako..." Naye nikamfungia. Hakuna aliyenisumbua tena kwa namba hizo, na nikaamini mambo yananyooka.

Jumamosi moja asubuhi nikiwa nafua, mama akapiga.

"Kuna mzee wa Mbwawa amenipigia ya mezani," alisema. "Jirani yetu wa mpaka. Anasema amekutafuta sana, simu yako haipumziki, kila akipiga unaongea na watu. Amesema wewe lazima una cheo kikubwa."

Mikono yangu ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Niliikumbuka ile salamu ya taratibu, nikahisi uso unachoma.

"Anasemaje?"

"Kuna watu wanachimba kiwanja chetu. Wanapiga matofali."

Sikumaliza kufua. Mama alisema anakuja, na nilijua hakuna wa kumzuia. Akatoka Kisarawe, mimi nikamsubiri Kibaha, tukachukua bajaji mpaka Mbwawa. Njiani hakunisema. Aliangalia nyumba mpya zilizoota kila upande, nyingine zimefika kwenye lenta, nyingine zina bati tayari, na kila zilipopungua nyumba yalitokea mabango. Hakiuzwi. Hakiuzwi. Usidanganywe, hakiuzwi. Kila moja na namba yake ya simu chini. Nilianza kuyasoma yale mabango kama wanavyoyasoma wale vijana wa pikipiki.

Letu lilikuwepo, limeinama kidogo. Nyuma yake kulikuwa na shimo.

Lilikuwa shimo kubwa la pembe nne, limechimbwa kwa usafi, kina chake kinamfikia mtu kifuani. Udongo wake mwekundu ulikuwa umegeuka matofali, yamepangwa safu kwa safu kwenye kivuli cha mikorosho ya jirani, yamefunikwa majani makavu. Kando palikuwa na pipa la maji, koleo, na vyuma vya kufyatulia. Hakukuwa na mtu anayejificha. Kila kitu kilikuwa wazi, kama kazi ya halali.

Jirani alitokea upande wa mihogo yake. Ni mwenyeji wa pale, wazee wake wamezikwa palepale, mwembamba, amefunga shuka kiunoni, panga mkononi.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mwenye simu?"

"Ndiye mimi."

"Una kazi nyingi," alisema. Hakuwa ananisuta. Alisema kwa heshima, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

Mama akamsalimu, wakaulizana hali za nyumbani, za afya na za mvua, wakafika mpaka kwa ndugu wa baba aliyewahi kulima karibu na hapo. Nilitamani tuingie kwenye jambo lenyewe, lakini wao walikuwa wanaingia kwa njia yao. Mwisho mzee akatuambia. Watu walipoanza kuchimba aliwauliza wametumwa na nani. Wakasema mwenye kujenga nyumba ile pale. Akasoma namba kwenye bango, akapiga ya kwanza, ambayo ni yangu. Nikakata. Akapiga tena, inatumika. Siku nyingi akapiga, inatumika.

"Sasa ile ya pili ilikuwa imefutika na jua," alisema. "Mjukuu wangu ndiye aliyekuja kuichunguza, akaikisia namba moja ya mwisho. Tumepigia watu wengine kwanza. Mmoja yuko Mtwara."

Mama akacheka, mzee naye akacheka, na mimi nikapata nafasi ya kupumua.

Tukaenda kwa mwenye nyumba inayojengwa. Alikuwa juu ya kuta, kijana, fundi anayejijengea mwenyewe. Alipotuona akashuka, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Samahani, pako hivi."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno makali njia nzima. Nikamwambia kile kiwanja chenye shimo ni chetu, na bango limeandikwa, na anajua kusoma.

"Najua, dada," alisema. "Nilikupigia."

"Ulinipigia lini?"

"Kabla sijachimba. Nilitaka kukuomba udongo wa kona moja tu, nipafukie kwa kifusi baadaye. Nikasema, 'Kuhusu kiwanja chako,' ukakata. Nikajua mtandao. Nikapiga tena, inatumika. Nikapiga wiki nzima. Mwisho dalali mmoja akaniambia wenye kiwanja hicho hawapo, wako nje ya nchi, chimba tu." Akatazama chini. "Hapo nilikosea. Lakini kukupigia, nilikupigia."

Nyuma yetu lori lilipita likinguruma kwenye barabara ya vumbi, na ule mngurumo nikautambua.

Nilimgeukia mama. Nilitegemea atasema neno, maana kati yetu wote tuliopiga na kupokea, yeye peke yake ndiye aliyesikiliza mtu mpaka mwisho. Lakini alikuwa anaangalia shimo kwa mbali, macho ameyafinya.

"Mwanangu," alimwambia yule fundi, "hili shimo lako halina ubishi. Limenyooka. Umelipima?"

"Nimelipima, mama. Mimi siwezi kuchimba ovyo."

"Lingekuwa na ukuta ndani, lingekaa maji?"

Yule fundi akamwangalia, kisha akaliangalia shimo, na nikaona sura yake inabadilika, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi yake badala ya kosa lake. Akasema udongo ule ni mzito, ukijengewa ukuta wa tofali na kupigwa plasta ya saruji, maji hayaendi popote. Mzee jirani akasema maji ya mvua yanateremka kutoka kwake yanapita palepale kila masika, yamekuwa yakimla udongo miaka yote. Wakaanza kuongea wote watatu. Mkondo uanzie wapi. Mfuniko uwe wa nini, mtoto asije akatumbukia. Nilibaki nimesimama na hasira yangu niliyotoka nayo Kibaha, haina tena mtu wa kumpa.

Walikubaliana hivi. Yule fundi asingefukia shimo. Angelijengea ndani kwa sehemu ya yale matofali, liwe kisima cha kuhifadhia maji ya mvua, na yaliyobaki ayatumie kwake, kwa kuwa yameshafyatuliwa. Jirani angelima mihogo sehemu ya juu ya kiwanja mpaka sisi tutakapoanza kujenga, ili pasionekane pametupwa. Tukaliandikisha jambo hilo kwa mjumbe kabla ya kurudi, na fundi akatimiza neno lake. Kila Jumapili alifanya kidogo, na mama kila baada ya wiki mbili alikuja kumuuliza maswali.

Lile bango tulilishusha siku hiyohiyo. Nikasema tufute namba tu. Mama akauliza, "Tukifuta namba, atakayekuwa na jambo la kweli atafanyaje?" Tukakaa na swali hilo kwenye kivuli. Mimi nilipendekeza namba ya mtu mwingine. Fundi akapendekeza barua pepe, mzee akauliza hiyo ni nini. Mwishowe mzee mwenyewe akasema, "Andikeni muulize jirani. Mie nipo."

Hivyo ndivyo lilivyoandikwa upya. KIWANJA HIKI HAKIUZWI. MUULIZE JIRANI. Namba zetu tulimpa yeye mkononi, na yake nikaiandika kwenye simu yangu kwa jina. Namba yake na ya fundi nilizifungulia palepale, mbele yao, nikajaribu kama zinaita. Mzee aliposikia kitochi chake kinalia mfukoni kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yake, alipokea kabisa. "Haloo," alisema akinitazama. "Nakusikia vizuri."

Simu za viwanja zilipungua, ingawa hazikuisha, maana namba ikishaingia kwenye kompyuta ya watu haitoki kwa kufuta bati. Wa bima bado wapo. Wale wa milio ya nyimbo nimewazuia kwa njia aliyonielekeza yule binti wa ofisi ya simu, na wamezuilika. Kwa wengine nimejipa utaratibu mdogo: nasikiliza sentensi moja kamili, na wakati mwingine mbili, kisha nasema hapana, asante, ondoa namba yangu. Nikiona wamerudia, nafungia. Wengi, nimegundua, wanaondoa kweli ukiwaomba vizuri. Kwa nini wengine hawaondoi, sijajua. Mama anaulizauliza.

Vijana wa pikipiki nao walifika kwa jirani. Alituhadithia. Walisimama, wakapiga picha ya bango, wakatafuta namba hawakuiona, wakamfuata shambani. Akawakalisha, akawaonyesha mpaka wa kiwanja chetu na wa kwake na wa marehemu kaka yake, akawaeleza ni nani alikuwa analima wapi zamani, na walipotaka kuondoka wakamsaidia kubeba mzigo wa mihogo mpaka barabarani. Hawakuuza chochote. Mmoja amerudi mara moja tangu hapo, akanunua mihogo.

Masika yalipoanza, fundi alinipigia kusema kisima kimepata maji. Tulikwenda Jumapili, mvua imekatika, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Fundi akafunua mfuniko. Maji yalikuwa yamefika katikati ya ukuta, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake, pembeni, kulikuwa na povu jeupe limegandamana na tofali. Chini ya povu vyura wawili wadogo walikuwa wanatutazama.

"Hawa wametoka wapi?" mama aliuliza. "Hapa hapajawahi kutuama maji."

"Walikuwa humohumo ardhini," mzee alisema. "Wanalala."

"Miaka yote hiyo?"

"Kiangazi chote."

Mama alinigeukia, mtu wa maabara, nithibitishe. Nilimwambia ni kweli wapo wanaojizika mpaka mvua ije, ila sikuwa na hakika kama hawa ni wa namna hiyo. Nikaomba chupa. Fundi akaniletea moja ya maji ya kunywa, akaikata shingo kwa kisu, na nikalala kifudifudi kwenye matope, mama kanishika miguu, nikachota kipande cha lile povu, ambamo huenda walitaga mayai na viluwiluwi vinaanguliwa, pamoja na maji yake. Nilipakata ile chupa mapajani kwenye bajaji mpaka Tumbi. Shule ilikuwa imefungwa, lakini ufunguo wa maabara ninao. Tuliingia na mama, nikaweka tone kwenye kioo, nikarekebisha darubini, nikampisha kiti.

Alitazama muda mrefu, mkono mmoja umefunika jicho lisilotazama.

"Kinacheza," alisema. "Njoo uone. Kimoja kinacheza."